Aljia na Mtende Usio Wake

Mitende ya bonde letu la Gabes imevunwa mara sitini na mbili tangu Aljia binti Masoud aliposhushwa juu ya ngamia mbele ya mlango wa Dhau bin Khalifa, na mavuno ya sitini na tatu hakujaaliwa kuyaona. Aliingia kwetu akiwa na miaka kumi na tisa, binti wa milima ya Matmata, na vitu vyake vilikuwa sanduku la nguo, fito za kitanda cha mfumi cha kufumia sufu, na mtungi wa zeituni zilizotiwa chumvi na bibi yake. Tangu siku hiyo chemchemi mbili zimekauka na pampu zikaletwa, njia ya ngamia imetiwa lami, dari ya msikiti wetu imeezuliwa na kuezekwa upya mara mbili, na mikono ya Aljia imefuma mablanketi ya sufu ambayo hadi leo yanafunika nusu ya vitanda vya mtaa huu. Hayo yote ni mambo ya kupita. Lililomkaa moyoni kuliko mengine halikupita, bali lilisimama palepale uani mwake, mchana na usiku, nalo lilikuwa mtende.

Nyumba ilikuwa ya Dhau, na baada ya Dhau ikawa ya Aljia na wanawe watatu. Ua ulikuwa wao, na kisima, na tanuri la mkate. Mtende haukuwa wao. Kwetu ardhi ni milki na mtende ni milki nyingine. Mtu aweza kupika, kuzaa na kuzeeka chini ya mti asiomiliki hata kuti lake moja, jambo ambalo watu wa minazi hawataliona geni. Mwenye mtende ule alikuwa Mannubia binti Hamad, mke wa kwanza wa Dhau.

Dhau alimwoa Mannubia, binti wa ami yake, na mahari aliyompa ni mtende huo. Hati iliandikwa kwa mkono wa marehemu baba yangu, nami ninayo kabatini: *na mtende uliomo uani, pamoja na njia ya kuufikia, ni milki yake maadamu yeye yu hai na mti u hai.* Wakakaa miaka saba bila ya mtoto, kisha Dhau akamwacha. Watu walisema aliachwa kwa wema. Mimi sijapata kumwona mwanamke aliyeachwa akaliita jambo hilo wema. Alirudi nyumbani kwa kaka yake, mtaa wa chini, wala hakuolewa tena. Mwaka uliofuata Dhau alikwenda mlimani akamleta Aljia. Lakini mahari ni haki ya mke, aliyekaa na aliyeachwa, na njia ya kuufikia mtende ilipita katikati ya ua wa Aljia.

Basi mara tatu kila mwaka Mannubia alibisha mlango. Majira ya kuchipua alikuja kuupaka mtende unga wa maua ya mtende dume ili uzae. Wakati wa joto alikuja kufunga vichala visivunjwe na upepo. Na vuli alikuja kuvuna. Alikuwa akipanda mwenyewe, kamba kiunoni, na sauti yake hutangulia kuingia.

"Mwenye mtende yuko mlangoni! Mwenye nyumba ajisitiri!"

"Pita," hujibu Aljia bila kuinua macho kutoka kwenye sufu. "Njia unaijua. Uliipita kabla yangu."

"Niliifagia pia kabla yako. Siku hizi naona inafagiwa na kuku."

"Kuku wangu wana kazi nyingi. Wanaokota mawe yanayodondoka kwenye mti wako, wanadhani ni tende."

Tusi hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana lilichoma. Mtende ule ulijiotea wenyewe kutokana na kokwa, haukupandwa na mtu, na tende zake zilikuwa kokwa na ngozi, chakula cha mbuzi. Zilipoiva zilidondokea sufu iliyoanikwa na kuipaka madoa, zilileta nyigu, na Aljia alitumia wiki nzima kila mwaka kuosha tena alichokuwa amekwisha kuosha. Hata hivyo Dhau hakuruhusu neno juu ya mti ule. Mkewe alipoulalamikia aliondoka akaenda kunywa chai kwa jirani, na haya ya mwanamume huyo ikawa ukuta ambao wanawake wawili waliishi kila mmoja upande wake kwa miaka thelathini na moja.

Dhau alipofariki, Aljia alidhani kwamba Mannubia atastahi na kuacha kuja. Mannubia alikuja siku ya tatu kutoa pole, akaketi mwisho wa mkeka, akaondoka. Na vuli ilipofika akabisha mlango kama kawaida. Hapo ndipo Aljia alipokuja kwangu msikitini na kuuliza kama mauti hayafuti hati. Nikamwambia kwamba mauti hufuta mengi, ila haki ya mtu aliye hai haimo katika hayo. Nikamwambia vilevile kwamba wanavyuoni wamekubaliana kuwa madhara huondolewa, na kwamba kama mti unamdhuru, njia iko wazi: amtolee mwenziwe badala, mtende ulio bora zaidi kutoka shamba la Dhau, kisha auondoe huu.

"Niende kwake nikamwombe?" akauliza.

"Ukambadilishie."

"Ni kuomba huko huko, sheikh. Nitakwenda siku ile mtende utakapotembea kwenda kwake wenyewe."

Hakwenda. Ikapita miaka kumi na moja.

Kisha ikaja masika ya upepo mkali. Upepo ulivuma siku nne, na ulipotulia mtende ulikuwa umeinama kuelekea chumba cha mfumi, shina lake limeuegemea ukuta, na ukuta umepata ufa ambao mtu aliweza kuingiza kidole. Chumba hicho ndicho kilichokuwa riziki ya Aljia. Sasa alikuwa na sababu ambayo angeweza kuitaja mbele ya watu, na mwenye sababu ya kutaja mara nyingi huificha nyuma yake ile isiyotajika. Angeweza kuja kwangu tena. Badala yake alikumbuka la bibi yake.

Huko Matmata, mti usiotakiwa huuawa kwa chumvi. Bibi yake Aljia aliwahi kuukuta mti wa tini umeota katika ukuta wa birika la maji ya mvua. Akaumwagia maji ya chumvi yaliyobaki katika mitungi ya zeituni, mara moja kwa wiki, na kabla ya mwaka kwisha mti huo ulikuwa kuni. Mwanamke wa mlimani hulijua hilo kama anavyojua kuwasha moto. Aljia alikuwa bado akitia zeituni zake chumvi kwa desturi ya kwao, na zilipoliwa yalibaki maji meusi yenye chumvi kali. Akaanza kuyaweka. Kila Ijumaa adhuhuri, watu wakiwa msikitini na wake zao wamelala usingizi wa mchana, aliyamwaga polepole penye shina la mtende wa mwenziwe, kisha akafunika pale kwa mchanga mkavu.

Alichokuwa hajui, kwa kuwa hakuna mtu wa bondeni aliyeona haja ya kumwambia, ni kwamba mtende haufi kwa chumvi. Mabwana wa kilimo wa zamani wameandika kwamba mti huo peke yake, kati ya miti yote, huutafuta uchumvi na kunawiri nao, na wazee wetu hufukia chumvi kwa kusudi penye mitende iliyodhoofika. Aljia alikuwa akiulisha.

Mwaka wa kwanza, mtende uliozoea kuzaa vichala vitano ulizaa tisa. Aljia akaongeza chumvi. Mwaka wa pili ulizaa kumi na viwili, na tende zake zikawa na nyama. Aljia akaomba maji ya zeituni ya majirani, akisema anayatumia kulainisha sufu. Mwaka wa tatu Mannubia alishuka mtini akilia kwa furaha, nguo zake zimejaa asali ya tende.

"Umeona, mke wa mlimani? Umeona? Miaka arobaini na tano mliucheka! Mungu hasahau mtu, anachelewa tu ili aje na mzigo!"

"Nimeona," alisema Aljia, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Mannubia aliichukulia baraka ile kuwa ni jibu la dua zake, naye hakuila peke yake. Aligawa tende kwa mayatima wa mtaa wa chini, na Ramadhani ilipoingia alileta vikapu viwili msikitini. Hata mimi nilifuturu kwazo, nikamwombea kheri aliyezitoa, pasi na kujua kwamba dua yangu ilipaswa kugawanywa mafungu mawili.

Mwaka uliofuata jina la Aljia lilitoka katika kura ya mahujaji. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano. Mtaa ulipiga vigelegele. Wanawe Lazhari, Nasri na Tijani walichinja kondoo. Naye, kwa desturi yetu, alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba kutaka radhi, kwani haifai mtu kwenda kusimama mbele ya Mola wake na haki za watu zikiwa shingoni. Alimwomba radhi mwenye duka, na jirani aliyegombana naye juu ya jogoo, na mkwewe wa kwanza. Akabaki mmoja. Ndipo alipokuja kwangu na kunieleza habari ya chumvi mwanzo mpaka mwisho, uso ameugeuzia ukutani.

"Nikimwomba radhi kwa jumla tu, bila kulitaja, haitoshi?"

"Mti ulidhurika?"

"Ulinenepa!"

"Basi hakuna fidia ya kulipa. Lakini nia yako ilikuwa kuharibu mali yake, na miaka mitatu uliifanyia kazi. Sina namna ya kukuondolea hilo. Aliye nayo ni yeye."

Aliugeuza uso wake kutoka ukutani. Kisha akasema, "Kumbe ni rahisi kwenda Makka kuliko mtaa wa chini."

Alikwenda kesho yake. Haya ninayoyasimulia niliyapata kwao wote wawili, na katika hili hawakutofautiana. Mannubia alikuwa uani kwa kaka yake, anachambua dengu. Aljia alisema yote akiwa amesimama. Mannubia aliacha kuchambua, akamtazama, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Maji ya zeituni! Na mimi nasema Mungu kanikumbuka! Nimewalisha mayatima chumvi yako miaka mitatu! Hivi huko mlimani kwenu hakuna mtu aliyewahi kuona mtende?"

"Nicheke, nimestahili. Kisha unisamehe, naenda kuhiji."

Hapo kicheko kikakatika. "Ngoja kwanza. Nijibu moja, na usinidanganye, maana umeshavaa nia. Ulitaka kuua mti, au ulitaka kuua miguu yangu isije tena kwako?"

Aljia angeweza kutaja ufa wa ukuta. Ufa ulikuwepo, kila mtu aliuona. Lakini alisema, "Miguu yako."

Mannubia aliinama tena juu ya dengu zake. "Nenda nyumbani," akasema. "Sikusamehei leo."

Siku nane zilipita. Aljia alikuwa hali kitu ila mkate na mafuta. Siku ya tisa, baada ya swala ya alfajiri, sauti ile ikasikika mlangoni: "Mwenye mtende yuko hapa, na mgeni wake!" Mgeni alikuwa Belgasem mgema, mzee mkavu kama kamba yake, kisu chake cha kotama kiunoni na mtungi begani. Kazi yake ilikuwa kugema mitende iliyozeeka au isiyotakiwa. Mtende uliomo uani haukatwi kwa shoka, kwa maana utaangukia paa. Huuliwa kutoka juu. Mgema huyavua makuti karibu yote, huukwangua utosi mpaka karibu na shaha, ule moyo laini wa mti, huweka mrija wa tete na mtungi, na kila asubuhi na jioni hukata wembamba wa ukucha, na mti hulia tembo, maji yake ya utosini, mpaka umekwisha. Ni tembo tamu, nalitilia mkazo neno hilo. Hunywewa kabla jua halijapanda, na lililobaki humwagwa kabla ya adhuhuri, kwa sababu baada ya hapo hugeuka kinywaji ambacho hatukihalalishi.

"Unataka nini?" Aljia aliuliza.

"Mti wangu nimeamua kuuua. Kuna ubaya?"

"Mimi nilikuja kuomba radhi, sikuja kukuomba uuue."

"Radhi utapata. Siku tone la mwisho litakapoanguka, siku hiyo na mimi nitakusamehe. Si ulitaka ufe? Basi tuketi tuungoje ufe. Lakini maadamu unatoa, tembo ni langu, na njia ya kulifikia ni yangu, na nitakuja kila siku, si mara tatu kwa mwaka."

Aljia alimgeukia Belgasem. "Mtende wa umri huu hutoa siku ngapi?"

"Wa umri huu? Siku ishirini na tano. Ukiwa mkarimu, thelathini."

Safari ilikuwa baada ya siku arobaini na mbili. Aljia aliingia ndani akatoa mkeka.

Siku za kwanza walikaa kimya kama watu waliongojea daktari. Belgasem hushusha mtungi kwa kamba. Kikombe cha kwanza hupewa mwenye mti, cha pili mwenye nyumba. Kisha majirani huja na birika zao. Siku ya sita Mannubia alisema, kana kwamba anaendelea na mazungumzo ya jana, "Alikuwa akikoroma hivyo hivyo mpaka mwisho?"

"Nani?"

"Nani mwingine tuliyelala naye sote?"

Aljia alijaribu kujizuia, tembo likampanda puani. "Alizidi! Mwaka wa mwisho paka alihama nyumba."

Tangu hapo maneno hayakukosekana. Waligundua kwamba Dhau aliwaambia wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake, kuwa hapendi mulukhiya, mchuzi wa majani ya mlenda, na wote wawili waliacha kuipika, na wote wawili waliipenda. Waligundua kwamba kila mmoja alidhani mwenziwe ndiye aliyependwa. Na siku ya kumi na tisa Mannubia aliinua kidole akaonyesha paa la chumba cha mfumi.

"Jino la Nasri liko pale juu."

"Jino gani?"

"La utotoni. Lilimtoka nilipokuwa navuna. Wewe ulikuwa ndani, na alikuwa akiogopa damu. Nikampandisha begani, akalitupia jua kama wafanyavyo watoto, akaomba apewe jino zuri la swala wa nyikani badala ya la punda, lakini mkono wake haukuwa na nguvu, likaangukia paa. Tijani alinionyesha kidonda cha tohara yake, mjinga yule. Lazhari alikuwa ananiokotea tende, anazihesabu, anakosea, anaanza upya. Nilikuwa naweza kuvuna kwa saa moja, Aljia. Hukuwahi kujiuliza kwa nini nakaa mpaka adhuhuri?"

Aljia aliwahi kujiuliza, na jibu alilojipa miaka yote lilikuwa kwamba mwanamke yule anataka kuchungulia vyungu vyake.

Siku ya ishirini na tano mtende ukaendelea kutoa. Siku ya thelathini pia. Majirani walianza kufanya mzaha. Waliuliza kama mti ule unakunywa mtoni usiku. Belgasem alisema hajaona wa namna hiyo katika miaka hamsini ya kotama, na Mannubia alisema, "Umelishwa vizuri," akamtazama Aljia, na Aljia akatazama chini. Chumvi yake mwenyewe ilikuwa imesimama kati yake na radhi anayoitaka. Siku ya thelathini na tano alikuja kuniuliza kama hija ya mtu asiyesamehewa inasihi. Nikamwambia inasihi, na kwamba aliyeomba kwa kweli amefanya lake. Akasema, "Inasihi kwako, sheikh, na katika vitabu vyako. Mimi nataka nisimame kule nikiwa mwepesi."

Asubuhi ya siku ya arobaini na moja, kesho yake ikiwa ni safari, Mannubia alichelewa. Goti lilikuwa likimsumbua. Uani walikuwepo Aljia chini na Belgasem juu, na mtungi ulioshuka ulikuwa umejaa hadi shingoni.

"Mama Aljia," Belgasem aliita kutoka kileleni, akishusha sauti. "Mimi ni mtu mzima, naona mambo. Kotama yangu ikizama mara moja kwenye shaha, adhuhuri patakuwa pakavu kama jiwe. Atakuja, ataona limekwisha, atasema neno lake, na wewe utakwenda zako. Nani atajua? Nipige?"

Aljia aliutazama ule mti uliovuliwa makuti, umebaki na matatu kama mtu mwenye nywele tatu. Miaka arobaini na sita alikuwa ameutakia hilo. Na sasa ilibaki pigo moja, wala si la mkono wake.

"Shuka," akasema. "Mwenyewe hajaja."

"Atakuacha uende hivyo hivyo?"

"Nimekwambia shuka, Belgasem. Nimeshauua mti huu mara moja bila ruhusa, yatosha."

Akachukua birika la tembo la siku hiyo, akachomoa ufunguo wa mlango mkubwa kutoka ukutani, ule wa chuma wenye urefu wa kiganja, akashuka nao mtaa wa chini kabla jua halijakuwa kali. Mannubia alikuwa amelala, goti limefungwa kitambaa cha mafuta ya moto. Aljia alimmiminia kikombe.

"Limekwisha?" Mannubia aliuliza.

"Halijakwisha. Limejaa mtungi."

"Na kesho unakwenda."

"Kesho naenda. Wanangu wana nyumba zao, kwangu patafungwa, na tembo lako halitamngoja mtu. Chukua." Akauweka ufunguo juu ya blanketi. "Ingia saa unayotaka. Usibishe. Mti ukifa usinirudishie. Na nikirudi usinirudishie."

Mannubia aliushika ufunguo ule, akaupima uzito mkononi. Alikuwa ameutumia miaka saba alipokuwa mke wa nyumba ile. Kisha akaanza kulia na kucheka pamoja, kama watoto wafanyavyo.

"Wewe mwanamke wa mlimani, hata kuua hujui, na hata kudanganywa hujui! Unadhani ni chumvi yako peke yake? Nilimwambia Belgasem tangu siku ya kumi: kata wembamba. Wembamba wa karatasi. Nikampa na blanketi lako moja, lile la harusi ya Lazhari ulilonigawia. Mti huo ungetoa mpaka Ashura!"

"Belgasem? Na leo alitaka kuupiga shaha!"

"Mshenzi huyo! Alitaka kuuza kote kote!" Akafuta macho. "Nilitaka niendelee kuja. Basi nisamehe na mimi, kwa sababu nimekuzuilia haki yako kwa siku thelathini."

"Nimekusamehe. Na mimi?"

"Shingo yako haina changu, Aljia. Mbele ya Mungu haina changu. Nenda ukaniombee goti."

Alikwenda, akarudi. Alikuta kichwa cha mtende kimekauka na kuwa cha kijivu, na Mannubia ameketi uani penye mkeka uleule, ufunguo umetiwa uzi na kuvikwa shingoni. Shina lilikatwa vipande kutoka juu kwenda chini, likapasuliwa, na mbao zake mbili zikawekwa darini mwa chumba cha mfumi, ambacho ukuta wake ulitengenezwa. Hati ya baba yangu haikuwa na nguvu tena, kwa kuwa ilisema maadamu mti u hai. Na kwa miaka sita baada ya hapo Mannubia alipita njia ile kila siku pasi na hati yoyote. Walipika mulukhiya kila Alhamisi. Alipofariki, aliyemwosha ni Aljia, na waliolibeba jeneza ni Lazhari, Nasri na Tijani, nao walilia kama wanavyolia watoto kwa mama. Ufunguo aliuvua Aljia kwa mkono wake, naye akauvaa mpaka Rajabu iliyopita, alipotutoka akiwa na miaka themanini na mmoja.

Ewe Mola uliyeifanya miti kusujudu, umrehemu Aljia binti Masoud, uupokee uzito aliouweka chini na wepesi alioutafuta. Umrehemu Mannubia binti Hamad, umlipe kwa kila kikapu alichowalisha mayatima, wala usimhesabie siku thelathini zile. Umrehemu Dhau kwa alichoshindwa kusema. Uwabariki Lazhari, Nasri na Tijani, na wake zao, na watoto wao, uwape riziki ya halali kutokana na kitanda cha mfumi cha mama yao, usipitishe kati yao hati wala ukuta, na uwakutanishe wote katika bustani ambayo mitende yake haina mwenyewe ila Wewe. Amin.